Mwaka Ambao Fimbo Ziliingia Bwaloni

Mheshimiwa Faustini alipopewa kipaza sauti pale Buswelu, kwenye msiba wa Mwalimu Generoza, alianza kwa kulia. Alilia vizuri, kama mtu aliyejizoeza, akatoa kitambaa cheupe, akajifuta, akatutazama sote tuliokaa chini ya maturubai. "Mama huyu," akasema, "ndiye aliyenifanya niwe hivi mnavyoniona. Alitufundisha habari za mto mmoja kule Roma ya kale, mto Rubikoni. Akatuambia, mwanamume akishafika mtoni hageuki nyuma. Anavuka! Na mimi, ndugu zangu, tangu siku ile sijaacha kuvuka." Watu wakapiga makofi. Msibani, jeneza likiwa mbele yao, wakapiga makofi. Majura alikuwa amekaa kulia kwangu kwenye kiti cha plastiki, na ili anione alilazimika kukizungusha kichwa chote, maana upande wangu hana jicho. Mimi nilihisi damu inanipanda mpaka masikioni. Jina langu ni Milembe, na Wasukuma wanajua kwamba milembe ni amani, lakini siku ile sikuwa na amani yoyote, na ninavyoandika sasa bado sina. Yule mtu alikuwa amesimama juu ya maiti ya mwalimu wetu akimtukana, na hakuna aliyejua kwamba anamtukana isipokuwa sisi wawili.

Kwa hiyo nausimulia mwaka ule. Tulikuwa kidato cha tatu katika shule ya bweni ya mchanganyiko, upande wa Sengerema, mbele kidogo ya Kamanga, mahali ambapo jioni taa za Mwanza mjini zilionekana ng'ambo ya maji. Mwalimu Generoza alitufundisha historia. Alikuwa Mhaya mwembamba, mwenye sauti ndogo iliyowalazimisha watu kunyamaza, na alikuja darasani na binti yake mchanga, Koku, akiwa mgongoni. Roma haikuwamo kwenye mtaala wetu. Ililetwa na maandazi. Majura alinunua maandazi kwa mama mmoja pale getini, yakafungwa kwenye kipande cha gazeti, na baada ya kula akasoma kichwa cha habari kilichokuwa kimelowa mafuta: jenerali wa nchi fulani alikuwa "amevuka Rubikoni". Akamuuliza mwalimu Rubikoni ni wapi, na kama kuna kivuko. Darasa lote tukacheka. Mwalimu hakucheka. Akamweka mtoto wake mapajani mwangu, akachukua chaki, akachora nchi yenye umbo la mguu, na huku juu, karibu na paja, akachora mstari mfupi sana.

"Huu ndio mto wenyewe," akasema. "Mdogo. Siku hizi hata wataalamu wanabishana ulikuwa mto gani hasa. Ng'ombe wa kwao Milembe wangeuvuka bila kulowa matumbo." Kisha akatueleza. Warumi waliwapa majenerali wao mamlaka makubwa huko mikoani, juu ya majeshi na juu ya watu. Lakini jenerali akirudi nyumbani, akifika kwenye mto ule, jeshi lilitakiwa libaki nyuma. Yeye aliingia Italia kama raia, mikono mitupu, akawakuta wenzake barazani nao mikono mitupu. Kaisari, ambaye sisi tulimjua kwa jina tu kwa sababu ya Biblia, alikuwa ameshinda vita kaskazini miaka mingi, askari wake wakimpenda kuliko walivyoipenda nchi. Muda wake ukafika ukingoni. Baraza la Roma likamwambia: acha jeshi, uje. Naye alijua kwamba akiacha jeshi, maadui zake watampeleka mahakamani kwa mambo aliyoyafanya alipokuwa na cheo. Akasimama kwenye ule mto na kikosi chake, akafikiri, akasema kete zimerushwa, akavuka.

Majura akanyoosha mkono. "Mwalimu, kama mto wenyewe ulikuwa mdogo hivyo, uliwazuiaje wanajeshi?" Naikumbuka furaha ya uso wa yule mama, kana kwamba alikuwa amekaa miaka akilisubiri swali hilo. "Haukuwazuia," akasema. "Maji hayakumzuia mtu yeyote. Kilichowazuia ni kwamba kila aliyefika pale alikubali kuzuiwa. Siku mmoja alipokataa, mto ukabaki kuwa maji." Nyuma kabisa alikaa Faustini, kaka mkuu, kijana mrefu aliyekuja shule akiwa ameshaota ndevu. Yeye aliuliza kitu kimoja tu. "Alishinda?" Mwalimu akasema, "Alishinda." Faustini akaitikia kwa kichwa taratibu, na kengele ikalia. Kipindi kilichofuata mwalimu alitueleza yaliyobaki: wakubwa waliokimbia Roma usiku badala ya kuilinda, vita ya wenyewe kwa wenyewe, Kaisari kujifanya mtawala wa maisha, kuchomwa visu kwake na wale wale aliowasamehe, na jinsi nchi, baada ya damu yote ile, ilivyoangukia mikononi mwa mtoto wake wa kupanga. Kura zikaendelea kupigwa ila zikawa hazina maana. Faustini hakuwepo kipindi hicho. Alikuwa ziwani na kikosi. Kwa hiyo ninaposema mtu yule ametembea na nusu ya somo maisha yake yote, simsingizii.

Kikosi nacho nikieleze, maana kilianza kwa wema. Mwanzoni mwa mwaka pampu ya shule iliharibika, tukawa tunachota maji ziwani kwa ndoo, na kule kwenye matete kulikuwa na mamba. Mwanamke mmoja wa kijijini alikuwa amekamatwa mkono akifua. Mkuu wa shule akaagiza wavulana wakubwa washike fimbo nene, wasimame majini upande na upande, sisi tuchote katikati yao, na Faustini awe juu yao. Tuliwashangilia wavulana wale. Nakumbuka asubuhi za baridi, ukungu juu ya maji, wao wamesimama wamelowa mpaka mapajani wakipiga maji kwa fimbo, nasi tukipita na ndoo kichwani tukiwaita mashujaa. Faustini aliwahangaikia. Wavuvi walipompa sangara, kikosi ndicho kilichokula. Jikoni waliongezewa ugali. Baada ya muda mfupi wakaanza kumwita Jemadari, kwanza kwa utani, kisha bila utani. Halafu zile fimbo zikaanza kufanya kazi njiani, mbali na mamba. Mtoto wa kidato cha kwanza akimwaga maji, anachapwa. Msichana akichelewa, anachapwa kwenye nyayo. Shule ile ilikuwa na kanuni moja ya zamani ambayo hakuna aliyejua imewekwa na nani: kiranja akiingia bwaloni, fimbo inabaki nje, imeegemezwa ukutani. Bwaloni ndiko tulikokula na ndiko baraza la wanafunzi lilikokutana, na mle ndani kaka mkuu alikuwa mwanafunzi kama mwingine. Fimbo zile zilikuwa zikipangwa ukutani pale kila siku, na hata waliochapwa asubuhi walikula mchana bila hofu.

Kisha fundi akaja kutoka mjini, akatengeneza pampu. Maji yalipotoka bombani shule nzima tulipiga vigelegele, tukamwagiana. Majura, aliyekuwa mwenyekiti wa baraza, akatangaza kwamba Jumamosi tungekutana, tukishukuru kikosi, tukivunje, na kaka mkuu mpya achaguliwe, kwa kuwa muda wa Faustini ulikuwa umeisha. Baada ya hapo wenye malalamiko wangesikilizwa. Nilikuwa naosha sahani nyuma ya jiko niliposikia Faustini akimhoji karibu na matanki. "Mkishanivua, mtanifanya nini?" Majura akajibu kwa ile sauti yake ya Kijita isiyojua kuzunguka. "Tutakuuliza maswali." "Maswali gani?" "Ya wale watoto." "Sasa hivi huwezi kuniuliza," akasema Faustini. "Sasa hivi siwezi," Majura akasema. "Jumamosi nitaweza." Nilisikia Faustini akicheka kidogo, halafu hatua zake zikaondoka. Nilimwambia Majura ajihadhari. Akaniambia, "Milembe, ni bwaloni. Bwaloni hawezi."

Jumamosi ilikuwa ugali na maharage. Tulikuwa tumeshakaa mezani, mvuke unapanda, mwalimu wa zamu amesimama kwenye kona na kikombe cha chai, ndipo tukawaona wanakuja kutoka upande wa ziwa, wamejipanga wawili wawili. Walipita ule ukuta wa kuegemezea fimbo bila kusimama, fimbo mikononi. Majura akatoka mezani, akaenda mlangoni. Hakuwa mtu wa miraba minne. Kaptura yake ilishikiliwa na kipande cha katani. Akanyoosha mikono akashika miimo yote miwili. "Fimbo nje, Faustini," akasema. Hakupiga kelele. Faustini akatabasamu, akatazama ndani, akatutazama sote, nikajua anachotaka kusema kabla hajakisema, na nikamchukia kabla hajakisema. "Kete zimerushwa," akasema. Akampiga kwa mkono wake mwenyewe, fimbo ikatua usoni. Mwalimu wa zamu aliweka kikombe chake chini, polepole ili kisimwagike, akatoka kwa mlango wa jikoni. Mtu mzima, mwenye mshahara wa serikali, mwenye mamlaka ya kusema neno moja tu! Nimezisikia sababu nyingi za wanaume wa aina ile maishani mwangu, na kila nikizisikia naiona ile chai ikiwekwa chini kwa uangalifu. Kikosi kikajipanga kuzunguka meza zote. Faustini akapanda juu ya benchi akasema baraza limeahirishwa, na chakula kiliwe.

Mimi nilikimbilia mlangoni. Nilimkuta Majura amekaa chini, amefunika uso kwa viganja, damu inatoka kati ya vidole, ananiuliza kwa utulivu kama nimeona sandali yake. Nikapiga mayowe kumwita Mwalimu Generoza, naye akaja akikimbia peku kutoka nyumbani kwake, mtoto mgongoni. Tulimpeleka Kamanga kwa baiskeli, tukisukuma mimi na yeye, tukavuka naye kwenda mjini hospitali. Njia nzima kwenye kivuko mwalimu alimshika kichwa mapajani, na mdomo wake ulikuwa ukitetemeka, nikadhani analia, kumbe ni hasira. Daktari alifanya alichoweza. Jicho la kushoto halikupona.

Sasa sikilizeni kilichofanywa na wakubwa. Jumapili iliyofuata nilikuwa jikoni kwa mwalimu, nampikia Koku uji, mkuu wa shule alipokuja. Akakaribishwa sebuleni, na kati ya jiko na sebule kulikuwa na pazia tu. "Mwalimu," nilimsikia, "shule imetulia. Sijawahi kuiona imetulia hivi. Foleni zimenyooka." Mwalimu Generoza akasema, "Imetulia kwa sababu wanaogopa, mkuu." "Kuogopa si dhambi. Faustini abaki mpaka mitihani." "Na Majura?" "Majura alizuia wenzake wasile. Alisababisha vurugu bwaloni. Huyo harudi." Nilisikia kiti kikisogezwa. "Amepoteza jicho," mwalimu akasema. "Nimempeleka mwenyewe. Hilo jicho limepotea mikononi mwetu, mimi na wewe." Mkuu akakohoa. Kisha akasema jambo ambalo lilinifanya niuachie mwiko ukaangukia ndani ya uji. "Na huyo Kaisari ni nani aliyemleta shuleni hapa? Roma haimo kwenye mtaala. Vijana walikuwa hawajui mambo haya. Umewafundisha wewe." Ile sauti ndogo ikasema, "Niliwafundisha kwa nini jeshi libaki ng'ambo." Mkuu akainuka. "Walichojifunza tumekiona," akasema, akaaga.

Kabla mwaka haujaisha alihamishwa, akapelekwa shule ya mbali. Aliondoka asubuhi na godoro, sufuria na mtoto, juu ya lori la pamba, na hakuna mwalimu hata mmoja aliyetoka kumsindikiza. Faustini alibaki na kikosi chake mpaka tulipomaliza. Alipewa cheti cha uongozi bora, tukaambiwa tumpigie makofi. Watu huniambia, Milembe, wewe ni mtu mzima, mambo ya shule yanakuumizia nini? Yananiumiza kwa sababu hayakuishia shuleni. Mwaka ule niliona jinsi kitu kizuri kinavyovunjwa, na hakivunjwi na mwenye fimbo peke yake. Wanaokivunja zaidi ni wale wanaotazama foleni imenyooka wakasema afadhali. Nimefanya kazi maofisini miaka yote hadi kustaafu na nimewakuta wale wale, wana vikombe vile vile vya chai.

Baada ya kuzika tulikaa kula. Mimi na Majura tulikuwa hatujaonana tangu siku za hospitali. Alikuwa amenieleza kwa kifupi tu kwamba alistaafu ualimu wa shule ya msingi huko kwao Ukerewe, nikashangaa, maana nilijua alifukuzwa hajafanya mtihani, lakini wali ukaletwa kabla sijamuuliza. Ndipo Mheshimiwa akaja meza kwa meza, akitoa pole, vijana wake nyuma. Alifika kwetu. Alimtazama Majura, mvi zake, jicho lile lililofumba, akainama kwa heshima. "Shikamoo mzee. Pole sana. Wewe ni ndugu wa marehemu?" Walikuwa rika moja! Majura hakuitikia. Akaweka kijiko. "Mimi ni Majura," akasema. Faustini akasubiri, bado anatabasamu, akitafuta. "Majura... wa wapi, mzee?"

Hakukumbuka. Naapa hakuwa anaigiza. Nilikuwa namtazama machoni. Jicho la mtu alilichukua akalisahau. Nikasimama, kiti kikaanguka nyuma yangu. "Wa bwaloni," nikasema kwa sauti ambayo watu wa meza zote waliisikia. "Aliyekwambia fimbo nje." Hapo akaelewa. Uso wake ukabadilika kidogo tu, kisha ukarudi kama ulivyokuwa. "Aaa, dada Milembe. Yale yalikuwa mambo ya utoto. Leo tumempumzisha mama yetu." Akamgeukia Koku, binti wa marehemu, ambaye sasa ni mama mwenye watoto wakubwa, akasema ameshaagiza jiwe la kaburi, la marumaru, na litaandikwa: Alitufundisha Kuvuka. "Hakukufundisha kuvuka!" nikapiga kelele. "Alikufundisha kusimama. Alihamishwa kwa sababu yako, na wewe ukabaki na fimbo!" Mjomba mmoja wa Koku akaja mbio, akanishika mkono. "Mama, tafadhali, msibani hatugombani." Nikamwambia kwamba msibani vilevile watu hawasemi uongo. Mheshimiwa akatazama saa, akatuachia tabasamu, vijana wake wakamfungulia njia.

Koku akaja akakaa kwenye kiti changu kilichoinuliwa, akamtazama Majura kwa muda. "Shikamoo, mjomba," akasema. "Wewe ndiye Majura wa Ukerewe?" "Marahaba. Ndiye." "Kumbe ni wewe." Akanigeukia. "Shangazi, nilipokuwa mdogo kila likizo mama aliniacha kwa jirani, akapanda meli kwenda Ukerewe. Nilikuwa nalia. Nikimuuliza anakwenda wapi, anasema, 'Nina mwanafunzi ambaye sijammaliza.' Nilimchukia sana huyo mwanafunzi." Majura akainamisha kichwa. "Alikuja mpaka nikafanya mtihani kama mtahiniwa wa nje," akasema. "Alinisomea vitabu kwa sauti, jicho langu lilipokuwa linachoka. Alinikataza nisimwambie mtu, wasije wakamfukuza." Akakishika tena kijiko chake. "Alikuwa anakuja na sabuni na sukari, mama yangu akamdhani ni mchumba." Koku akacheka huku machozi yanamtoka, nami nilishindwa kucheka. Nilikuwa nawaza ile meli, likizo baada ya likizo, na yule mtu aliyekuwa amelia vizuri kwenye kipaza sauti.

Wiki kadhaa baadaye Koku alinipigia simu, nikiwa kwangu Buhongwa. "Shangazi, jiwe limekuja. Wajomba wanasema lipokelewe, ni heshima, na aliyelileta si mtu wa kurudishiwa kitu." Nikapanda gari la kwanza. Nilimkuta amesimama getini Buswelu mbele ya lori dogo, amejifunga kanga kiunoni, wajomba zake nyuma wakimsihi kwa Kihaya, wawili wakiwa tayari wameshika kamba za kulishusha. Jiwe lilikuwa zuri, sitaki kudanganya, jeupe, maneno yamepakwa dhahabu. Koku hakugeuka kuwatazama wajomba. Akamwambia dereva alifunge vizuri lisije likavunjika njiani. Dereva, kijana wa watu, akavua kofia akajikuna. "Sasa mama, jiwe lina jina la marehemu wenu. Mimi nilipeleke wapi?"

"Mpelekee aliyeliagiza," Koku akasema. "Mwambie nyumbani kwa Mwalimu Generoza halikuingia."

Lori likageuka kwa shida kwenye ile barabara nyembamba, likaondoka na marumaru yake, na wajomba wakabaki wamesimama na kamba mikononi.